Hesabu za Busia

Anayetaka kuona gharama na manufaa ya mradi yakipimwa kwa ustadi, na autazame mradi wa dawa za minyoo wa Busia, magharibi mwa Kenya.

Mwaka 1998 shule za msingi 75 ziliingizwa katika mradi huo. Hazikuweza kufikiwa zote kwa mara moja, hivyo ziligawanywa mafungu matatu ya shule 25: la kwanza likaanza mwaka huohuo, la pili 1999, la tatu 2001. Wanauchumi Michael Kremer na Edward Miguel walizitumia zamu hizo kama kipimo. Watoto walikuwa wa mazingira yaleyale. Wengine wamekwisha kumeza dawa, wengine wanangoja. Bila wanaongoja, nani angejua kama mahudhurio yameongezwa na dawa au na mavuno mema ya mwaka ule?

Kukosa shule kulipungua kwa angalau robo. Wangeweza kufunga daftari hapo. Lakini mayai ya minyoo hutoka kwa mtoto mmoja, yakaingia udongoni, yakampata mwingine. Basi wakawahesabu pia watoto ambao hawakumeza dawa, wakakuta nao wamepata nafuu. Hesabu inayowatazama waliomeza peke yao huandika faida pungufu, na kwa upungufu huo mradi mzuri hunyimwa fedha.

Matokeo yalichapishwa 2004: kila mwaka mmoja wa masomo ulioongezeka uligharimu kama dola 3.50. Waliandika vilevile, bila kuficha, kwamba alama za mitihani hazikupanda. Mwaka 2015 watafiti wengine walizirudia hesabu hizo, wakakuta makosa, hasa kuhusu manufaa kwa shule zilizo mbali na zile zilizopata dawa, na mabishano yakawa makali. Ndivyo inavyopasa: hesabu ya umma ni lazima ikaguliwe.

Kinachonivutia zaidi ni subira. Watoto wale walifuatiliwa hadi utu uzima. Ripoti ya 2021 ilionyesha kwamba, miaka 20 baadaye, waliopata dawa kwa miaka miwili au mitatu zaidi walikuwa na kipato cha saa kilichozidi kwa asilimia 13.

Bajeti inaposomwa bungeni, hutajwa fedha zitakazotumika. Wananchi tunastahili kuambiwa pia mradi utalinganishwa na nini, utawagusa akina nani wasiokuwemo kwenye orodha, na nani atarudi kuupima wakati viongozi waliouzindua wameshastaafu.