Mbwa-mwitu wa Marekani: Ngano Iliyovaa Joho la Ushahidi

Kila mwalimu wa Kiswahili anafahamu kwamba sungura hasemi. Hata hivyo, hatujasikia msimulizi wa ngano akishtakiwa kwa kosa la uwongo. Msimulizi anapotamka "Paukwa", na darasa likaitikia "Pakawa", mapatano yamekwisha kufungwa baina yake na wasikilizaji: yatakayofuata ni habari ya binadamu iliyovikwa manyoya. Ndivyo ilivyo kwa Sungura wa pwani, kwa Wakayima wa Buganda, na kwa Bakame wa Rwanda na Burundi. Ngano haidanganyi, kwa kuwa haikuapa kusema kweli.

Katika makala haya twakusudia kuchunguza maandishi ya namna nyingine, yaani yale ya Amerika ya Kaskazini yanayowahusu wanyama wa pori. Maandishi hayo, pamoja na filamu zilizo ndugu zake, yamesafiri mbali sana na nchi yalikozaliwa, na mwalimu anayetafuta kifungu cha ufahamu aweza kukutana nayo wakati wowote. Hayaanzi kwa "Paukwa". Huanza kwa kiapo. Rai yetu ni kwamba kazi ya namna hii yapasa kuhakikiwa mara mbili: mara moja kwa uzuri wa usanii wake, na mara ya pili kwa kiapo ilichokula.

Tuanze na jina, maana hapo ndipo kosa la kwanza linapoingia. Katika lugha yetu, mbwa-mwitu ni mnyama wa Afrika mwenye mabaka meusi, meupe na ya rangi ya udongo, masikio ya mviringo, na vidole vinne katika kila mguu. Mnyama wa Amerika tunayemzungumzia siye huyo. Yeye ni jamaa wa karibu sana wa mbwa afugwaye. Ana masikio yaliyochongoka na manyoya mazito ya kukabili theluji, na miguu yake ya mbele ina vidole vitano. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 humwita mnyama wa aina hiyo, adui wa kondoo, kwa jina la mbwa-mwitu, na hivyo wanafunzi wetu wengi humjua kama mfano wa nabii wa uwongo kabla hawajamjua kama mnyama. Wamarekani nao wametenda vivyo hivyo, kwani yule mnyama wao mwenye nundu wamempa jina la nyati, ingawa nyati wa kweli wa Afrika na Asia ni wa ukoo mwingine. Katika makala haya tutasema "mbwa-mwitu wa kaskazini", ili msomaji asije akamwona mmoja akadhani ni mwingine.

Kazi ya kwanza ni kitabu cha Ernest Thompson Seton kiitwacho Wild Animals I Have Known, kilichotolewa mwaka 1898. Seton alizaliwa Uingereza mwaka 1860 akakulia Kanada, naye alikuwa mchoraji hodari wa wanyama. Dibaji yake inafungua kwa kutangaza kwamba visa vilivyomo ni vya kweli. Lakini papo hapo mwandishi anakiri kuwa mahali pengi ameuacha mstari mnyofu wa historia. Mhakiki hana budi kusimama hapo, kwa maana kiapo na udhuru wa kukivunja vimewekwa katika ukurasa mmoja.

Kisa mashuhuri zaidi ni kile cha Lobo, mbwa-mwitu wa kaskazini aliyekuwa akiua ng'ombe wa wafugaji wa New Mexico. Seton alikwenda huko kumwinda, akamnasa mwaka 1894 baada ya kumuua kwanza mwenzi wake na kuitumia maiti yake kama chambo. Kwa upande wa fani, kisa hiki ni kazi kubwa. Mwindaji anaanza akiwa shujaa na anamaliza akiwa mshtakiwa, wala hakuna aliyemshtaki ila kalamu yake mwenyewe. Katika kitabu hicho hicho, hata hivyo, yumo mbweha anayepanda mgongoni mwa kondoo ili mbwa wa wawindaji wapotewe na harufu yake. Yumo pia mbweha mama anayemletea sumu mtoto wake aliyefungwa mnyororo, ili afe kuliko kuishi utumwani. Hapo tumetoka porini tukaingia katika jukwaa la tamthilia. Mnyama anayechagua kifo kwa ajili ya heshima ni binadamu aliyevaa ngozi. Katika ngano tungempokea kwa furaha. Katika ushahidi hatuwezi.

John Burroughs, mzee aliyeheshimiwa sana kwa maandishi yake juu ya ndege na misitu, alimshambulia Seton na wenzake katika jarida la Atlantic Monthly mnamo Machi 1903. Mjadala huo ulidumu miaka kadhaa, hata Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa nchi, akaingia mwaka 1907 kwa kuandika dhidi ya wale aliowaona kuwa waghushi wa maumbile. Twaona kwamba Burroughs alikuwa na haki katika jambo kuu. Lakini naye alivuka mpaka alipokana kabisa kwamba wanyama huwafunza watoto wao, maana elimu ya leo imethibitisha kuwa wako wanaofanya hivyo. Mwenye kupinga uwongo naye yampasa kulinda kiapo chake. Kwa upande wake Seton aliitikia shutuma kwa kazi: alitoa juzuu kubwa za Lives of Game Animals kati ya mwaka 1925 na 1928, na mwaka 1927 akatunukiwa nishani yenye jina la Burroughs yule yule.

Kazi ya pili ni filamu, na filamu huapa kwa nguvu kuliko kitabu, kwa sababu mtazamaji hudhani kwamba kamera haina ulimi. White Wilderness, iliyotolewa na kampuni ya Walt Disney mwaka 1958, ilipata tuzo ya Oscar kwa filamu za habari za kweli. Ndani yake wanaonyeshwa lemingi, yaani wanyama wadogo wa jamii ya panya waishio nchi za barafu, wakijitupa majini kwa makundi kana kwamba wamechoka na maisha. Mwaka 1982 kipindi cha televisheni cha shirika la utangazaji la Kanada kilifichua namna picha hizo zilivyotengenezwa. Zilipigwa katika jimbo la Alberta, ambalo halina bahari. Wanyama wenyewe waliletwa kutoka Manitoba. Wachache walifanywa waonekane wengi. Na mwishowe walisukumwa na binadamu kutoka gengeni. Ukweli ni kwamba idadi ya lemingi huongezeka sana na kupungua sana kila baada ya miaka michache. Wanapobanana huhama, na baadhi hufa maji wanapovuka mito. Hakuna anayejiua. Lakini ile picha ya lemingi wanaofuatana kwenda kufa imeingia katika misemo ya Wazungu, na leo hutumiwa kuwakejeli watu wafuatao umati bila kufikiri. Ajabu ni kwamba wengi waliotumia msemo huo walikuwa nao wakifuata umati.

Kazi ya tatu ni ya Mkanada Farley Mowat, Never Cry Wolf, iliyotolewa mwaka 1963 na kufanywa filamu mwaka 1983. Mowat alikuwa ameajiriwa na idara ya serikali ya wanyama wa pori katika miaka ya 1948 na 1949. Katika kitabu chake anamtetea mbwa-mwitu wa kaskazini dhidi ya shutuma kwamba ndiye amalizaye karibuu, wale wanyama wa jamii ya ayala ambao hata jike huota pembe. Anamwonyesha akiishi kwa kula panya, naye mwandishi anakula panya ili kuthibitisha kwamba chakula hicho chatosha. Ni kitabu cha kuchekesha na chenye huruma, na dhamira yake ni njema. Lakini A. W. F. Banfield, mtaalamu aliyeijua kazi ile kwa ndani, alikikosoa mwaka 1964, akakilinganisha na ile hekaya ya Ulaya ya msichana mwenye kofia nyekundu. Ni kweli mbwa-mwitu wa kaskazini hula panya wakati wa kiangazi. Lakini tegemeo lake katika nchi ile ni karibuu. Mowat alimtoa mnyama huyu katika nafasi ya shetani akamweka katika nafasi ya mtakatifu. Nafasi zote mbili ni za ngano.

Tumlinganishe sasa na mwandishi wa namna nyingine. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel alichapa uchunguzi wake juu ya mbwa-mwitu wa kaskazini waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Hao hawakuwa jamaa moja, na walipigania ukubwa. Hapo likatoka wazo la "mbwa-mwitu mkuu" anayetawala kundi kwa meno. L. David Mech, Mmarekani, aliliendeleza wazo hilo katika kitabu chake The Wolf cha mwaka 1970. Baadaye, tangu mwaka 1986, aliwachunguza wanyama hao wakiwa huru katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, akaona kwamba kundi kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Mkuu wa kundi hakushinda vita, alizaa tu. Mwaka 1999 Mech alichapa makala ya kulisahihisha jambo hilo, na alimwomba mchapishaji aache kukitoa kile kitabu chake mwenyewe. Nathari ya Mech haina uzuri wa ile ya Seton. Lakini kiapo chake ni kizima, na sisi twahesabu hilo kuwa ni sehemu ya usanii wa mwandishi wa mambo ya kweli.

Pengine mtu atauliza: kuna hasara gani, iwapo hadithi ni tamu? Hasara ipo, na ina idadi. Katika hifadhi ya Yellowstone mbwa-mwitu wa kaskazini waliwindwa kama maadui hadi wa mwisho waliojulikana wakauawa mwaka 1926. Mwaka 1995 na 1996 ilibidi waletwe 31 kutoka Kanada ili kuirudisha mbegu. Mwaka 2020 wananchi wa jimbo la Colorado walipiga kura kuamua kama mnyama huyu arudishwe kwao, na wakubali waliwashinda wakatazi kwa kura chache. Wapigaji kura wale wengi wao hawajamwona porini. Walipiga kura kwa hadithi walizozisoma. Na hadithi zote mbili hudhuru: ile ya shetani humuua mnyama, na ile ya mtakatifu humfanya mtu asahau kuwa huyu ni mla nyama mwenye nguvu, ambaye ni nadra sana kumshambulia binadamu, lakini mwaka 2010 huko Alaska alimuua mtu.

Kwa hiyo twawaomba walimu wenzetu wasizitupe kazi hizi. Wafundishe Lobo, maana ni kisa kizuri. Lakini mwanafunzi azoeshwe kuuliza maswali matatu kwa kila andiko: Je, andiko hili limeapa au limesema "Paukwa"? Nani aliona jambo hili, na aliliona wapi, porini au kizimbani? Na jina lililotumiwa ni la mnyama yupi? Mwalimu aweza kuweka ubaoni kisa cha Bakame na kifungu cha Mowat, kimoja kando ya kingine, akawaacha wanafunzi watafute ni kipi kinachosema wazi kuwa ni ngano. Wakikipata, watakuwa wamejifunza jambo litakalowafaa hata watakaposoma gazeti.