Bakuli la Simiti na Subira ya Maji

Fundi hodari wa simiti hujulikana pale anapoacha kufanya kazi. Yuko mmoja mjini Ruiru, karibu na Nairobi, nyuma ya uzio wa mabati, atengenezaye mabakuli ya matunda, vinara vya mishumaa na vyungu vya maua. Mchanga huuchekecha, huumimina mchanganyiko ndani ya kalibu iliyopakwa mafuta, kisha huigongagonga ubavuni kwa kiganja hadi mapovu yapande na kupasuka. Kesho yake bakuli limetoka, na mgeni hudhani limeisha.

Hapo ndipo penye mapenzi yangu. Bakuli hufunikwa gunia bichi, na gunia hilo hunyweshwa asubuhi na jioni, maana simiti haigandi kwa kukauka. Huyanywa maji na kuyageuza jiwe ndani kwa ndani. Ikinyimwa maji mapema, jua la Januari huichora nyufa nyembamba kama unywele. Wahandisi huipima nguvu zege siku ya 28. Fundi huyu hana maabara: huligonga bakuli kwa kidole, akasikiliza. Lililokomaa huitika kwa mlio mkali.

Haya yote huyafanya mjini ambako maji ya mfereji huja kwa zamu. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika 1994, limeuzuia Mto Thika kwa ajili ya Nairobi; fundi hununua maji yake kwa mitungi ya mkokoteni, halafu anayamwagia mabakuli!

Vyombo vya aina hii vina ukoo: mwaka 1867 mtunza bustani Mfaransa, Joseph Monier, alipata hataza ya vyombo vya bustani vya simiti iliyotiwa nyavu za chuma. Maghorofa yetu ya simiti yenye chuma basi ni wajukuu wa chungu cha maua, ila adabu ya babu hawakuirithi. Kando ya barabara kuu ya Thika, iliyopanuliwa na kufunguliwa 2012, yanachipuka palipokuwa na mibuni, na mara nyingi nguzo ya juzi hubebeshwa mzigo leo bila kuonja ndoo ya maji. Vyungu vya kando ya barabara navyo vimeambukizwa pupa: hupakwa rangi vingali vibichi, na masika ya kwanza huvibambua. Kisha tunalaumu simiti.

Mafundi wenye subira hii wanapungua kwa sababu sisi wanunuzi tunataka leo. Ukipita Ruiru au Thika, kabla ya kuuliza bei, muulize fundi bakuli limelala siku ngapi chini ya gunia. Akikuambia urudi mwezi ujao, mpe arubuni, na urudi.