Nyuma ya Sikio

Nilianza kusoma historia ya sanaa baada ya kustaafu ualimu, hapa Bwera, Uganda, nikiwa na miaka sitini na moja. Sitafuti cheti, naufurahisha moyo wangu. Meza iko dirishani, malori yanayokwenda mpakani Mpondwe yakipita. Kitabuni nikakutana na vichwa vya shaba vya Ife, vilivyofukuliwa Nijeria mwaka 1938. Vilisanifiwa kwanza kwa nta, kilisema kitabu. Sentensi hiyo niliirudia mara nyingi, nisipate picha yake.

Nikapanda taksi hadi Kasese, kwenye karakana ya Rwenzori Founders, wanakosubu sanamu za shaba.

Kijana mmoja alikuwa ameinamia kinyonga wa nta, akichonga mikunjo ya jicho kwa kisu kilichopashwa moto. Kinyonga alikuwa mtupu ndani, ngozi yake nyembamba. Walimbandika vijiti vya nta, viwe njia za shaba kuingilia na hewa kutokea. Nilionyeshwa wengine waliokwisha kuchovywa kwenye uji wa udongo mzito na kunyunyiziwa mchanga. Wanakaushwa, wanachovywa tena, wanakaushwa tena, siku baada ya siku, mpaka ganda liwe nene kiasi cha kuhimili moto. Sijaona kazi inayoheshimu kukauka kama hii. Kisha ganda huchomwa, nta yote inayeyuka na kutoka, kazi ya wiki nzima imetoweka! Unabaki uwazi wenye umbo la kinyonga.

Shaba ilipomiminwa, ya moto kupita nyuzi 1,000, nyekundu inayokaribia manjano, hakuna aliyesema neno. Nilifikiria reli iliyofika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya machimbo ya Kilembe, na shaba ya milima hii ikisafirishwa mpaka Jinja kuyeyushwa. Watoto wa mji huu waliiona ikiondoka tu. Leo kijana wao anaimimina shaba mwenyewe, chini ya Rwenzori, na anajua itaganda wapi.

Ganda la sanamu nyingine, iliyokwisha kupoa, lilivunjwa kwa nyundo. Kijana akaigeuza tumbo juu.

"Mama, tazama hapa."

Michirizi ya kidole gumba chake, mmoja mmoja, imo ndani ya shaba.

"Kwenye nta ningeifuta," alisema. "Mgongoni nilifuta. Hapa nikaiacha."

Usiku ule, Bwera, nilikifungua tena kitabu penye vichwa vya Ife, nikachukua kioo cha kukuzia. Nyuso nilikuwa nimezizoea. Nilianzia nyuma ya sikio.