Mpasuaji na Kofia

Kwenye kijiwe cha bodaboda, helmeti hukaa kila mahali isipokuwa kichwani. Utaikuta imetundikwa kwenye kioo cha pembeni, imelazwa juu ya tangi, au inaning'inia kiwikoni kama kikapu cha sokoni, ikingoja trafiki aonekane mbele ndipo ivaliwe. Ya abiria, kama ipo, mkanda wake wa kidevuni ulishakatika. Wachache wanajua kwamba aliyehangaika kuthibitisha faida yake alikuwa mpasuaji wa ubongo.

Hugh Cairns alizaliwa Australia mwaka 1896, akaenda kusoma Oxford, kisha akavuka hadi Boston kujifunza kwa mpasuaji Harvey Cushing. Upasuaji wa Cushing ulikuwa wa polepole mno. Damu izuiwe kwanza, ndipo mkono usogee. Mwanafunzi aliirudisha subira hiyo Uingereza.

Mei 1935 aliitwa kwa mgonjwa mmoja maarufu, T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyejulikana kwa vita vya jangwani pamoja na Waarabu. Lawrence alikuwa juu ya pikipiki, kichwa wazi, akawakwepa vijana wawili wa baiskeli, akarushwa. Hakuzinduka. Siku ya 6 akafa, na mikono yote ile ya Boston haikufaa kitu.

Mpasuaji mwingine angenawa na kwenda kwa mgonjwa anayefuata, na asingekuwa na kosa. Cairns alibaki na swali. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, barabara za Uingereza zikawekwa gizani kwa kuogopa ndege za adui, na matarishi wa jeshi wakawa wanakimbiza barua kwa pikipiki usiku. Akahesabu. Katika miezi 21 kabla ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao 1,884 walikuwa wamekufa. Katika miezi 21 ya kwanza ya vita, 2,279, wengi wao kwa majeraha ya kichwa. Kofia zilikuwepo, waendeshaji wa mashindano walikuwa wakizivaa, lakini barabarani zilikuwa adimu. Kati ya majeruhi aliowaona yeye, 7 tu ndio waliokuwa wamevaa. Wote 7 walinusurika. Aliyachapisha hayo Oktoba 1941; mwezi uliofuata jeshi likaamuru matarishi wake wavae.

Watu 7 ni wachache, na Cairns alilijua hilo, kwa hiyo aliendelea kukusanya visa miaka mingine. Vifo vya pikipiki vilipungua sana. Petroli nayo iliadimika, hivyo si haki kuipa kofia sifa yote. Lakini hapo ndipo ninapomvulia kofia yangu mwenyewe: fundi aliyefikia kilele cha kufungua mafuvu, akatumia usiku wake kutafuta namna mafuvu yasiletwe mezani kwake.

Alimpata na mwenzake mwanafizikia, Holbourn, aliyetengeneza ubongo wa jelatini ili aone kinachotokea kichwa kinapogonga. Jikoni jambo lenyewe linaonekana. Shika nazi, izungushe ghafla: kifuu kinageuka, maji yanachelewa. Ubongo nao huchelewa hivyo hivyo, na katika kuchelewa huko nyuzi zake huvutika na kukatika, hata kama fuvu halina ufa. Ndiyo maana mtu huanguka, akainuka bila tone la damu, na bado hayuko sawa.

Uti wa mgongo ulipata mtu wake karibu na hapo hapo. Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1939, alifanya kazi Oxford, alikokuwa Cairns, kabla ya kufungua wodi ya waliovunjika uti huko Stoke Mandeville mwaka 1944. Wagonjwa wa namna hiyo walikuwa wakifa kwa vidonda vya kulala na maambukizi ya mkojo. Dawa yake ya kwanza ilikuwa kuwageuza kila baada ya saa 2, usiku na mchana. Nani angeuita huo utafiti? Wengi wakaishi, na mwaka 1948 watu 16 kati ya waliopooza walishindana uwanjani kwa upinde na mishale.

Cairns alifariki mwaka 1952. Sheria ya kumlazimisha kila mwendesha pikipiki wa Uingereza avae kofia ilianza kutumika mwaka 1973.