Jipu, Mnyonge na Mkimbizi: Mipaka ya Sitiari katika Hotuba za John Pombe Magufuli

Hotuba za Rais John Pombe Magufuli (1959–2021) huchambuliwa zaidi kwa wingi wa tamathali zake kuliko kwa kazi ambayo tamathali hizo zilifanya. "Tingatinga", "mabeberu" na "majipu" huorodheshwa, hupewa majina ya mbinu za balagha, kisha mchambuzi huweka kalamu chini. Hapo ndipo uhakiki ungepaswa kuanza, kwa kuwa maneno haya yaliamua nani anastahili kusikilizwa.

Magufuli alizaliwa Chato, iliyokuwa sehemu ya Biharamulo, akafundisha kemia na hisabati, na mwaka 1995 akaingia bungeni kupitia jimbo la Biharamulo Mashariki. Akiwa Waziri wa Ujenzi alisifika kwa kutaja barabara na kilomita zake bila kusoma popote. Tarehe 20 Novemba 2015, alipolifungua Bunge la 11 mjini Dodoma, lugha hiyo ya takwimu iliongezewa lugha ya mwili: uovu serikalini ni jipu, na jipu hutumbuliwa hata kama linauma.

Sitiari hii ina sarufi yake. Mtumishi wa umma, ambaye ni wa ngeli ya A-WA, anahamishiwa LI-YA. Na jipu haliulizwi lina utetezi gani. Neno lilipoingia mitaani, nomino ilidondoka, kikabaki kitenzi katika kauli ya kutendwa: "katumbuliwa". Mtu akarudishiwa ngeli yake, lakini usaha, yaani dhana ya kosa, ulibaki ndani ya kitenzi hata pale ambapo hakuna kosa lililothibitishwa. Aprili 2016 Mkuu wa Mkoa wa Shinyanga, Anne Kilango Malecela, aliondolewa kwa kusema kuwa mkoa wake hauna watumishi hewa. Januari 2017 Rais huyohuyo alimteua kuwa mbunge. Usaha uliokamuliwa haurudishwi mwilini. Uteuzi huo uliibomoa sitiari kwa mkono wa msanii wake mwenyewe, ingawa wachambuzi wa mtindo hawaelekei kulizingatia hilo.

Neno "wanyonge" linahitaji uangalifu zaidi. Wanaoliona kuwa hila tupu wanakosea. Elimu bila ada hadi kidato cha nne, iliyoanza Januari 2016, na vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo vilivyotolewa kuanzia mwishoni mwa 2018 kwa shilingi 20,000, viliwafanya wengi wajitambue katika neno hilo. Hata hivyo, mnyonge si sawa na maskini. Maskini amekosa mali. Mnyonge amekosa nguvu, kwa hiyo huhitaji wa kumsemea. Neno linampa mtetezi na papo hapo linamvua kauli, na mtetezi ndiye anayebaki na uwezo wa kuamua utetezi unaishia wapi.

Mkoa wa Kagera uliiona mipaka hiyo mara mbili katika mwaka mmoja. Januari 2017, miezi michache baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, waathirika wa Bukoba waliambiwa kuwa Serikali haitamjengea kila mtu nyumba. Hoja hiyo ya bajeti ingeweza kutetewa. Kisichoeleweka kwa urahisi ni kwa nini "wanyonge" halikuonekana kuwahusu watu waliokuwa wamelala chini ya maturubai. Julai mwaka huohuo, mjini Ngara, Rais alisimama pamoja na Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi na kuwahimiza wakimbizi wa Kirundi warejee kwao.

Mahali penyewe ni sehemu ya matini. Wilaya ya Ngara ndiyo iliyopokea mamia ya maelfu ya Wanyarwanda waliovuka Rusumo mwaka 1994. Kihangaza kinachozungumzwa wilayani humo kinakaribiana na Kirundi kiasi kwamba Mhangaza wa Kibimba hahitaji mkalimani ili kumwelewa mkimbizi. Kwa hiyo mpaka kati ya "sisi" na "wao" haukuchorwa na lugha ya nyumbani ya wasikilizaji; ulichorwa na Kiswahili cha jukwaani. Katika msamiati wa jukwaa hilo mkimbizi hakuwa jipu, maana hakuwa na cheo cha kuvuliwa. Wala hakuwa mnyonge, ingawa miongoni mwa waliotajwa siku hiyo hakuna aliyekuwa na nguvu chache kuliko yeye.