Mbio Ndefu, Masafa Marefu na Marathoni

Miongoni mwa nyanja ambazo Kiswahili kimezihudumia kwa muda mrefu bila ya kuzipangia istilahi zake vilivyo ni riadha. Neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako hutumika kwa michezo na mazoezi ya viungo kwa jumla. Sisi tukalifinya likabaki na mbio, kuruka na kurusha. Ufinyu huo haukutudhuru. Unaotudhuru ni ulegevu uliomo katika majina ya mbio za mita 5,000 na kuendelea, na huo ndio tunaokusudia kuukosoa.

Tumchukue mwalimu wa kata ya Sigino, mjini Babati, anayetaka kuwaeleza wanafunzi wake habari za Fabiano Joseph, mkimbiaji aliyezaliwa Babati mwaka 1985. Kwa lugha iliyozoeleka atasema kwamba huyu alikuwa bingwa wa mbio ndefu. Au, akifuata mtindo wa siku hizi, bingwa wa marathoni. Kauli ya kwanza haisemi kitu, na ya pili si kweli. Mwaka 2005, huko Edmonton, Kanada, Fabiano alitwaa ubingwa wa dunia wa nusu marathoni, yaani kilomita 21 na ushei barabarani. Mwaka uliofuata, huko Melbourne, alipata medali ya shaba ya Michezo ya Jumuiya ya Madola katika mita 10,000, yaani mizunguko 25 ndani ya uwanja. Miguu ni ile ile, mashindano siyo. Barabarani mtu hupambana na vilima, kona na upepo. Uwanjani hana kilima, ana wenzake tu, na mara nyingi mshindi hajulikani mpaka kengele ya mzunguko wa mwisho imekwisha kulia.

Gidamis Shahanga, mzaliwa wa Katesh katika wilaya jirani ya Hanang, anatupa ushahidi ulio wazi zaidi. Alipata dhahabu ya Jumuiya ya Madola katika marathoni mwaka 1978, kisha katika mita 10,000 mwaka 1982. Mfasiri anayeandika kwamba alishinda "mbio ndefu" mara mbili amefuta nusu ya sifa yake.

Kuhusu "marathoni" hatuna haja ya maneno mengi. Ni kilomita 42 na mita 195, basi. Kuita mbio za hisani "marathoni ya kilomita tano" ni sawa na kuuza kilo ya gramu mia.

"Masafa marefu" ni bora kuliko "mbio ndefu", kwa kuwa kilicho kirefu ni umbali. Wapo wanaolilaumu neno hili kwa sababu watu wa redio nao wamelichukua kwa mawimbi yao. Hatuoni kwamba msomaji yeyote atadhani Shahanga alikuwa akirusha matangazo. Upungufu wake ni mwingine: halitaji mahali. Kwa hiyo tunashauri pasemwe mbio za masafa marefu za uwanjani, za barabarani, na za nyika. (Hili la nyika ni neno zuri mno, na lilipatikana bila ya kuazima kwa mtu.) Huenda tukajibiwa kwamba mwaka 2025, huko Tokyo, Alphonce Simbu aliushinda ubingwa wa dunia wa marathoni ndani ya uwanja, tena kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde. Ni kweli, lakini kilomita karibu zote za kabla ya hapo zilikuwa za barabarani, na jina la safari halitokani na kizingiti cha mlango.

Yako mengine madogo yanayowasumbua waandishi wa taarifa. "Mzunguko wa kwanza" huweza kuwa mita 400 za mwanzo, au hatua ya awali ya mashindano. Hiyo ya pili ina jina lake, mchujo, na "mzunguko" uachiwe uwanja.

Tunatofautiana pia na wenzetu wanaomwita "sungura" yule anayekodiwa kuwavuta wengine kwa kasi kisha akajitoa. Jina hilo limetafsiriwa neno kwa neno. Katika ngano zetu Sungura ni mjanja anayefanya kazi kwa faida yake, na siku aliposhindana mbio na Kobe alishindwa kwa aibu. Huyu wa uwanjani hana ujanja wala aibu, ana ujira. "Mwongoza mwendo" yatosha. Wala asichanganywe na mkimbiaji anayetangulia kwa nia ya kushinda. Filbert Bayi, alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, alikaa mbele tangu mwanzo hadi utepe. Huyo aliongoza mbio. Hakumwongozea mtu mwendo.