Amri Mbovu ya Desemba 10

Picha za Nairobi za Desemba 10, 2024 kila mtu aliziona. Wanawake waliingia katikati ya jiji siku ya mwisho ya zile siku 16 za kupinga dhuluma za kijinsia, mabango mikononi, wakitaka mauaji ya wanawake yakomeshwe. Polisi wakawarushia vitoa machozi na kuwakamata baadhi yao. Ilikuwa amri mbovu, na ubovu wake hauishii kwenye moshi.

Katiba, Ibara ya 37, inampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria inataka mkuu wa kituo cha polisi (OCS) aarifiwe siku tatu kabla. Haimtaki mwananchi apige magoti kuomba ruhusa. Kamanda aliyekuwa zamu siku hiyo alikuwa na njia kadhaa: kuwasindikiza waandamanaji, kuelekeza magari barabara nyingine, au kuwaita viongozi wao pembeni wakubaliane pa kupita na saa ya kumaliza. Gesi ni ya mwisho kabisa, mawe yanapoanza kuruka. Hapa ilitangulia, dhidi ya watu walioshika karatasi zenye majina ya marehemu.

Wala hakuna atakayesema kwamba polisi wa Nairobi hawajui kazi hiyo. Januari 27 mwaka huohuo, maelfu ya wanawake waliandamana katika jiji hilohilo kwa sababu hiyohiyo, wakapita, wakamaliza bila gesi. Kilichobadilika katikati ni maandamano ya Juni. Tangu vijana wa Gen Z waingie Bungeni, makamanda wanaona kila bango kama jaribio la kupindua serikali, na wakamtazama mama anayemlilia bintiye kwa jicho hilo. Huo ni uzembe wa kusoma umati, na afisa asiyeweza kutofautisha makundi mawili hafai kupewa kikosi.

Tena polisi wenyewe ndio walioripoti kwamba wanawake 97 waliuawa kati ya Agosti na Oktoba 2024. Hesabu hiyo ilikusanywa vizuri. Wiki chache baadaye, waliokuja kuilalamikia wakatimuliwa.

Wanaofundisha wasichana kujikinga wanajua gharama ya kosa hili. Katika mafunzo yaliyoenezwa kwenye mitaa ya mabanda ya Nairobi, ngumi haiji kwanza. Msichana husimama mguu mmoja nyuma, viganja wazi mbele ya kifua, anamtazama mtu machoni na kusema "Hapana" kwa sauti inayotoka tumboni. Akizidi kusogelewa anapiga kelele watu wasikie. Macho, koo na sehemu za siri hushambuliwa pale tu sauti imeshindwa, na hata hapo lengo ni kupata nafasi ya kukimbilia kwenye watu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Pediatrics, uliohusu wasichana 1,978, ulionyesha kwamba miongoni mwa waliofundishwa, kiwango cha kushambuliwa kingono kwa mwaka kilishuka kutoka asilimia 17.9 hadi 11.1. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia mbinu hizo kumzuia mshambuliaji. Kina cucu wa Korogocho nao wamejifunza, na kazi yao ni safi.

Lakini mbinu yote imejengwa juu ya jambo moja: mwanamke akipaza sauti, kuna atakayekuja. Desemba 10 mamia walipaza sauti kwa pamoja, mchana kweupe, na aliyekuja ndiye aliyewafukuza. Msichana wa Dandora aliyeona hayo kwenye simu ana sababu gani ya kukimbilia kituo usiku?

Safu hii haitachoka kukumbusha kwamba tabia hiyo ya polisi kuwageuka wanawake ni ya zamani. Mwaka 2013, Busia, washukiwa wa ubakaji wa msichana aliyeitwa Liz walipewa adhabu ya kukata nyasi kituoni, wakaachiliwa. Ilihitaji saini zaidi ya milioni moja na maandamano Nairobi ndipo kesi ikatembea, na hukumu ya miaka 15 ikatoka mwaka 2015. Julai 2024, maiti za wanawake zilitolewa kwenye timbo la Kware, Mukuru, mita zisizozidi 100 kutoka kituo cha polisi. Wakazi ndio waliozigundua. Mwezi uliofuata mshukiwa wa mauaji hayo akatoroka seli za kituo cha polisi cha Gigiri. Na bado aliyepigwa huambiwa aende, arudi kesho, fomu ya P3 ya kuandikia majeraha imeisha.

Waandamanaji nao wana la kujifunza. Kina mama wa Freedom Corner, mwaka 1992, walitaka jambo moja, wana wao waachiliwe kutoka jela, na walikuwa na mahali pa kukaa. Machi 3 walipigwa virungu na gesi, baadhi wakavua nguo mbele ya askari, mwanaharakati Wangari Maathai, aliyekuwa nao, akapelekwa hospitali akiwa amezimia. Hawakwenda nyumbani. Walihamia All Saints Cathedral wakakaa humo muda mrefu, hadi wengi wa wafungwa hao walipotoka. Kizazi cha sasa kina simu na ujasiri. Kambi ya kurudi baada ya kutawanywa hakijaijenga, na maandamano ya siku moja serikali huyasubiri yapite.

Januari 2025 Rais Ruto aliteua kikundi cha watu 42 chini ya Nancy Baraza, aliyewahi kuwa Naibu Jaji Mkuu, kichunguze dhuluma za kijinsia. Uteuzi wa mwenyekiti ulikuwa mzuri.

Ila hakuhitajiki kikundi kwa kile ambacho Inspekta Jenerali Douglas Kanja anaweza kukifanya peke yake: kila amri ya kurusha gesi kwenye maandamano iandikwe kitabuni, pamoja na saa, sababu, na jina na cheo cha aliyeitoa. Aanze na ya Desemba 10.